Upatanisho wa jamaa na mapendo katika riwaya za Kikristo za nchi ya kauboi



Tukitaja neno "kauboi", wengi wetu tunawaza farasi, kofia pana na bunduki. Picha hiyo ilifika Kongo zamani kwa njia ya sinema. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa, waliangalia filme hizo mpaka wakajiita "Bills" kwa ajili ya Buffalo Bill. Walivaa kama kauboi, wakatengeneza hata lugha yao ya mtaani iliyoitwa Hindubill. Walichojifunza mbele ya kioo cha sinema kilikuwa hasa ubabe: mwanaume wa kweli haogopi, hasamehi, analipiza haraka.

Hadithi hizo zina tawi lingine ambalo halijulikani sana kwetu. Ni riwaya zilizoandikwa na Wakristo, nyingi kati yao zikiandikwa na wachungaji na wake zao, juu ya nchi ile ile ya mbuga na milima ya Amerika ya Kaskazini. Farasi wapo, vumbi lipo, hata bunduki zipo. Lakini swali linalomvuta msomaji ni lingine: nani atakubali kurudi nyumbani kwanza, na nani atamfungulia mlango? Makala hii inaeleza riwaya hizo zilitoka wapi, waandishi wake wakuu ni akina nani, namna zinavyojengwa, na mahali ambapo msomaji Mkristo anapaswa kuwa macho.

Ni riwaya za namna gani?

Riwaya ya Kikristo ya Magharibi kwa kawaida inatokea kati ya mwaka 1840 na mwanzo wa miaka ya 1900, katika sehemu za Marekani na Kanada ambako wahamiaji walikuwa wanafika kutafuta mashamba, ng'ombe au dhahabu. Inabeba nyuzi mbili zilizosukwa pamoja. Uzi wa kwanza ni mapendo kati ya mwanaume na mwanamke, yanayoelekea ndoa au yanayoanza ndani ya ndoa ambayo bado haina joto. Uzi wa pili ni jamaa iliyovunjika: baba na mwana wasiosemezana, ndugu waliogombania urithi, binti aliyefukuzwa, mjane aliyebaki peke yake. Imani ndiyo inayofunga nyuzi hizo mbili. Kwa desturi, wapendanao hawafiki mahali pema mpaka mmoja wao au wote wawili wamepatana na Mungu, na wakishapatana na Mungu wanatambua kwamba kuna mtu wa damu yao ambaye bado hawajapatana naye.

Wanaozisoma kwa wingi ni akina mama, na kwa sababu hiyo watu fulani wanazidharau kama vitabu vya kupitisha wakati. Dharau hiyo si ya haki. Mambo yanayozungumzwa humo ndiyo yale yale yanayoletwa kwa mchungaji jioni, baada ya ibada, wakati watu wengine wamekwisha kwenda.

Historia iliyo nyuma yake

Ili kuelewa kwa nini jamaa zilivunjika sana katika nchi ile, tukumbuke mambo machache ya historia.

Kwanza ni umbali. Safari ya mkokoteni kwa njia ya Oregon ilikuwa ya kilomita zaidi ya 3,000, na ilichukua miezi minne mpaka sita. Kipindupindu kiliua wengi njiani. Aliyeondoka kwao Mashariki aliwaaga wazazi wake kama mtu anayewaaga wafu. Barua zilipotea au zilichelewa sana. Ni mpaka tarehe 10 Mei 1869, reli ya kutoka Mashariki na ile ya kutoka California zilipokutana Promontory Summit katika Utah, ndipo mzazi aliweza kuwaza kwamba atamwona tena mtoto wake kabla ya kufa. Kwa hiyo katika riwaya hizi barua na gari la moshi vina uzito mkubwa: mara nyingi upatanisho unaanza kwa bahasha au kwenye stesheni.

Pili ni vita. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, kuanzia 1861 mpaka 1865, iligawanya hata ndugu wa tumbo moja, huyu akavaa nguo za Kaskazini, yule za Kusini. Wengi walioelekea Magharibi baadaye walikuwa wanakimbia kumbukumbu za vita hiyo.

Tatu ni ardhi. Sheria ya mwaka 1862 iliyoitwa Homestead Act ilimpa mtu haki ya kuchukua ekari 160, karibu hektari 65, akizikalia na kuzilima miaka mitano. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mjane au mwanamke asiyeolewa, akiwa kichwa cha nyumba, aliweza pia kuandikisha shamba kwa jina lake. Riwaya nyingi zimejengwa juu ya jambo hilo: mama mmoja, shamba lake, na jirani ambaye hatujui kama anampenda mama au anapenda shamba. Lakini ardhi hiyo ilikuwa na watu kabla ya wahamiaji, na tutalirudilia jambo hilo kwa sababu ni zito.

Wachungaji walioshika kalamu

Aliyefungua njia ni mchungaji wa Presbiteri wa Kanada, Charles William Gordon, aliyeandika kwa jina la Ralph Connor. Alikuwa ametumika kati ya wachimba migodi na wachungaji wa ng'ombe, na baadaye akawa mchungaji katika mji wa Winnipeg. Kitabu chake Black Rock kilitoka 1898, na The Sky Pilot kikafuata 1899. Hicho cha pili kinamhusu mhubiri kijana anayefika kati ya kauboi wa Alberta, ambao mwanzoni wanamcheka.

Wa pili ni Harold Bell Wright, aliyezaliwa 1872 na kufa 1944. Huyu alikuwa mchungaji wa Disciples of Christ kabla ya kuwa mwandishi wa kazi. Kwetu Kongo kanisa hilo si geni: wamisionari wake walianza kazi Bolenge, karibu na Mbandaka ya leo, mwaka 1899, na jumuiya iliyozaliwa na kazi hiyo ni sehemu ya Kanisa la Kristo Kongo mpaka leo.

Kitabu chake kilichojulikana zaidi ni The Shepherd of the Hills, cha mwaka 1907. Kinatokea katika milima ya Ozark, Missouri, mlangoni mwa Magharibi zaidi kuliko ndani yake, lakini ndicho kilichowapa wengine mfano wa kufuata. Kijana mchoraji kutoka mjini alimpenda Maggie, binti wa mlimani, kisha akamwacha. Maggie akafa, akiacha mtoto. Baba yake, mzee Matt, akaapa kwamba siku akimwona kijana yule au baba yake kijana, ataua. Miaka inapita. Mzee mmoja mpole anafika kutoka mjini, anaomba kazi ya kuchunga kondoo, anaishi na jamaa ile, anawafundisha vijana, anawasaidia katika shida yao. Wote wanampenda na kumwita baba. Msomaji anakuja kutambua polepole kwamba mchungaji huyu wa kondoo ndiye baba wa yule mkosaji, na kwamba amekuja kubeba aibu ya nyumba yake.

Nguvu ya kitabu iko hapa: siku siri inapofunuka, mzee Matt anajikuta anadaiwa kumwua mtu ambaye amekula naye meza moja kwa muda mrefu. Kiapo chake kilimhusu adui asiye na uso. Sasa adui ana uso, ana mikono iliyofanya kazi kwake. Mkosaji mwenyewe naye anaonekana, akiwa karibu na kufa, na wazazi wa Maggie wanapaswa kuchagua. Wanasamehe, lakini kitabu hakisemi kwamba ilikuwa rahisi. Pembeni ya jambo hilo zito yanakua mapendo ya Sammy Lane na kijana Matt. Sammy alikuwa na mchumba aliyepata mali mjini, akamchagua yule wa mlimani. Hivi mwandishi anaonyesha kwamba kizazi kipya hakiwezi kujenga nyumba yake vizuri kabla deni la wazee halijamalizwa.

Janette Oke: mapendo yanayofika polepole

Kwa muda mrefu baada ya hao, aina hii ya vitabu ilibaki pembeni. Aliyeirudisha ni Janette Oke, aliyezaliwa mwaka 1935 Champion, Alberta, binti wa mkulima wa mbuga za Kanada. Riwaya yake ya kwanza, Love Comes Softly, ilitolewa 1979 na Bethany House. Ilisomwa sana, ikafuatwa na nyingine saba za mfululizo ule ule mpaka 1989. Mwaka 2003 ikatengenezwa filme iliyoongozwa na Michael Landon Jr. Mfululizo wake mwingine, ulioanza 1983 na When Calls the Heart, ulizaa kipindi cha televisheni kilichoanza 2014.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Marty, msichana wa miaka 19, amesafiri Magharibi na mume wake Clem. Clem anakufa kwa ajali. Siku ile ile ya mazishi, mwanaume asiyemjua, Clark Davis, anamwendea. Clark ni mjane mwenye mtoto mdogo wa kike, Missie, anayehitaji mama. Anamwomba Marty waoane kwa ajili ya mtoto, na anaahidi kwamba msafara wa mikokoteni ukirudi Mashariki, kama Marty hataki kubaki, atamlipia nauli, ila amchukue Missie pamoja naye. Marty hana pesa, hana jamaa karibu, na ana mimba ya marehemu. Anakubali akiwa na uchungu mwingi.

Kinachofuata ni miezi ya kazi: kupika vibaya, kufua, kuku wanaokimbia, mtoto anayekataa kuguswa. Clark analala chumba cha pembeni. Hamdai kitu. Anasali mezani kila siku, na Marty anamsikia akisema na Mungu kama anasema na mtu aliyekaa karibu. Missie anaanza kumwita mama. Mtoto wa Clem anazaliwa na anapokelewa kama mtoto wa nyumba. Wakati msafara unapokuja, Marty anatambua kwamba hataki kuondoka.

Mafundisho mawili yanatoka hapa. La kwanza: mapendo katika kitabu hiki yanaonekana kwanza katika kujizuia. Clark ana karatasi ya ndoa mkononi, lakini haitumii kama fimbo. Anauacha mlango wazi, na kwa sababu mlango uko wazi, kubaki kwa Marty kuna maana. La pili: maombolezo hayakatwi. Oke hamlazimishi Marty kumsahau Clem ili ampende Clark. Katika vitabu vinavyofuata Missie mwenyewe anaolewa na kwenda mbali zaidi Magharibi, na miaka inapita kabla wazazi hawajamfikia kwa gari la moshi. Mwandishi anajua kwamba jamaa inaweza kuumizwa na umbali tu, bila mtu yeyote kukosa.

Lakini tuseme pia upande mwingine. Mjane anayeolewa siku ya mazishi kwa sababu hana nauli wala chakula si mtu aliyechagua kwa uhuru. Katika riwaya, mwanaume aliyemkuta alikuwa Clark. Katika maisha, wajane wengi hawakukutana na Clark. Msomaji wa Kongo, anayejua mashauri ya jamaa juu ya mjane wa ndugu, anaona jambo hilo mara moja, hata kama mwandishi amelipita haraka.

Francine Rivers na kitabu cha Hosea

Francine Rivers alikuwa akiandika riwaya za mapenzi za kidunia kabla ya kuokoka. Baada ya kuokoka aliandika Redeeming Love, iliyotolewa kwanza 1991 na nyumba ya vitabu isiyo ya Kikristo, halafu ikarekebishwa na kutolewa tena 1997 kwa wasomaji Wakristo. Mwaka 2022 ikatoka filme yake. Mwandishi alichukua kitabu cha nabii Hosea, akakipeleka California ya mwaka 1850, wakati watu walipokuwa wanafurika kutafuta dhahabu iliyogunduliwa Januari 1848.

Angel ameuzwa akiwa mtoto katika kazi ya ukahaba. Baba yake mwenyewe hakumtaka. Michael Hosea, mkulima, anaamini kwamba Mungu amemwambia amwoe. Anamwoa, Angel anatoroka, Michael anamfuata. Jambo hilo linarudia. Mwishoni Angel anaondoka tena, na mara hii Michael hamfuati. Anamngojea.

Wasomaji wengi wanakumbuka Michael. Mimi ningependa tumtazame Paul. Paul alikuwa mume wa marehemu dada ya Michael, yaani shemeji yake. Anamdharau Angel, anamtendea vibaya, anaamini kwamba analinda heshima ya jamaa. Lakini ni yeye anayekwenda San Francisco baada ya miaka mitatu, anamkuta Angel akiwasaidia wanawake waliotoka katika maisha kama yake, na anapaswa kumwomba msamaha yule aliyemwita mchafu. Hapo riwaya inagusa ukweli unaotuuma. Mara nyingi anayezuia mtu aliyeokoka asirudi nyumbani si mume wala mke, ni shemeji, ni wifi, ni shangazi. Upatanisho wa wawili hausimami kama jamaa nzima inaendelea kuhesabu yaliyopita.

Kitabu hiki kinadai uangalifu. Michael anamwoa Angel akiwa amepigwa karibu kufa, hata hajui vizuri anachojibu. Kama mfano wa Mungu anayeokoa, tunaelewa. Kama mfano wa uchumba, hapana. Sheria yetu ya familia, ya mwaka 1987 iliyorekebishwa 2016, inadai ridhaa ya wote wawili, na kanisa halipaswi kudai pungufu ya hapo. Tena kuna kurasa juu ya mateso ya mtoto ambazo ni nzito. Si kitabu cha kumpa kijana yeyote bila mtu mzima wa kuzungumza naye.

Stephen Bly: nyumba iliyomaliza kitabu cha baba

Stephen Bly alikuwa mchungaji, na pia meya wa mji mdogo wa Winchester katika Idaho. Aliandika vitabu zaidi ya 100, vingine pamoja na mke wake Janet. Riwaya yake The Long Trail Home, juu ya mwana aliyepotea kutoka jamaa ya Fortune katika Black Hills, ilipata tuzo ya Christy mwaka 2002. Tuzo hiyo, inayotolewa kwa riwaya za Kikristo, ilianzishwa mwaka 1999 na ina jina la riwaya ya Catherine Marshall ya mwaka 1967.

Bly alifariki 2011 akiwa ameacha riwaya ambayo haijakamilika. Mke wake na wana wao watatu waligawana kazi, wakaimaliza, ikatoka kwa jina Stuart Brannon's Final Shot. Mtu aliyeandika miaka mingi juu ya jamaa zilizotawanyika alifuatwa na jamaa iliyokaa pamoja kumaliza sentensi zake.

Mizizi ya Biblia

Riwaya hizi zote zinakunywa kwenye visima vichache vya Maandiko. Ruthu na Boazi ni kisima cha wajane na mashamba. Hosea ni kisima cha mapendo yasiyokata tamaa. Luka 15 ni kisima cha mwana mpotevu, na tukumbuke kwamba mfano ule unaisha kaka mkubwa akiwa bado nje ya nyumba. Lakini visima vyenye kina zaidi kwa upatanisho wa jamaa viko katika kitabu cha Mwanzo.

Yakobo na Esau wanapokumbatiana katika sura ya 33, tunapenda kufunga Biblia hapo na kuimba. Tusome mbele kidogo. Esau anarudi Seiri, Yakobo anaelekea Sukothi. Wamepatana, lakini kila mmoja anakaa kwake, na tunawaona tena pamoja wakimzika baba yao. Yusufu naye hakujifunua kwa ndugu zake siku ya kwanza. Kuanzia sura ya 42 mpaka 44 anawajaribu, na ni pale Yuda anapojitoa kuwa mtumwa mahali pa Benyamini ndipo Yusufu anashindwa kujizuia na analia. Ndugu waliomwuza mmoja wameonyesha kwamba hawatamwuza mwingine.

Kwa hiyo Maandiko yanatupa kipimo cha kupima riwaya. Katika riwaya dhaifu, mvua kubwa inanyesha, mtoto anaugua, baba na mwana wanakesha pamoja kitandani, na asubuhi yote yamekwisha. Katika riwaya nzuri, kama ile ya Wright, kuna muda, kuna kazi, kuna ukweli uliosemwa kwa mdomo, na kuna gharama.

Mambo matatu tusiyachanganye

Tukisoma vitabu hivi kanisani, tutofautishe msamaha, toba na upatanisho.

Msamaha ni wa yule aliyekosewa. Anaweza kuutoa mbele ya Mungu hata kama mkosaji amekufa au hataki kusikia. Toba ni ya mkosaji. Inaonekana kwa matendo, kama Zakayo aliyeahidi kurudisha mara nne. Upatanisho unadai vyote viwili, na unadai pia usalama. Mke aliyepigwa anaweza kumsamehe mume wake na bado asirudi katika nyumba ile mpaka mkono wa kupiga umebadilika kweli na watu wameshuhudia. Kumwambia kwamba asiporudi hajasamehe ni kumtwika mzigo ambao Bwana hakumtwika. Kwetu mashariki, ambako wako walioumizwa na jirani, na hata na ndugu, wakati wa vita, mchungaji anayeharakisha kukumbatiana mbele ya kanisa anaweza kufunika kidonda kikiwa na usaha ndani.

Riwaya inaweza kutusaidia kwa sababu inatupa nafasi ya kuzungumza juu ya mzee Matt au juu ya Angel, kabla hatujathubutu kuzungumza juu yetu wenyewe.

Wale ambao hawakukaribishwa mezani

Sasa tulirudilie jambo la ardhi. Ekari 160 za mhamiaji zilikuwa nchi ya Wacheyenne, Waarapaho, Walakota na mataifa mengine. Katika riwaya nyingi za aina hii watu hao hawaonekani, au wanapita mbali kama tishio, au wanaingia kidogo ili waokolewe na mhubiri. Jamaa ya wahamiaji inapatana mezani, na hakuna anayeuliza meza imewekwa juu ya shamba la nani.

Historia haituruhusu kunyamaza. Tarehe 29 Novemba 1864, huko Sand Creek katika Colorado, askari walishambulia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho waliokuwa wanatafuta amani. Waliua watu zaidi ya 150, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Kamanda wao, kanali John Chivington, alikuwa mhubiri wa Methodisti. Siku ile ile kapteni mmoja, Silas Soule, alikataa kuwaamuru watu wake wapige. Alitoa ushahidi juu ya mauaji hayo, na mwezi wa Aprili 1865 aliuawa katika barabara ya Denver. Mwaka 2012 mkutano mkuu wa Kanisa la Methodisti la Muungano, kanisa lenye waamini wengi kwetu pia, ulifanya ibada ya toba mbele ya mataifa ya asili.

Msomaji Mkristo hahitaji kutupa riwaya hizi kwa sababu hiyo. Anahitaji kuuliza swali ambalo hazikuuliza. Upatanisho unaoishia kwenye kizingiti cha nyumba yangu, huku jirani akilia kwa ajili ya shamba lake, bado haujafika mahali Injili inapotaka kuufikisha. Sisi tunaoishi katika nchi ya mashitaka ya mashamba, ndugu na ndugu, kabila na kabila, tunalielewa hilo bila mkalimani.

Namna ya kuzitumia katika kikundi

Kwa kikundi cha akina mama, cha vijana wanaojiandaa kwa ndoa au cha wazee wa kanisa, si lazima wote wawe na kitabu. Mmoja anayejua Kiingereza anaweza kusoma na kuwasimulia wengine, au kikundi kikaangalia filme pamoja na mtu wa kutafsiri. Kisha mzungumze, mkisoma pia Mwanzo 32 na 33, Mwanzo 42 mpaka 45, kitabu cha Ruthu na Luka 15. Maswali haya yanaweza kuongoza:

1. Katika hadithi hii, nani alikosewa, na je, kosa lilitajwa kwa jina lake au lilifunikwa?

2. Mkosaji alirudisha nini? Kama hakurudisha kitu, kwa nini tuliridhika?

3. Mwanamke alikuwa na uhuru wa kukataa? Nini kingemtokea kama angekataa?

4. Mapendo yalionekana katika matendo gani kabla ya kuonekana katika maneno?

5. Nani katika jamaa alizuia upatanisho, na alidhani analinda nini?

6. Nani hakuonekana kabisa katika hadithi, ingawa alikuwa anaishi pale?

7. Katika jamaa yangu, ni jina gani ambalo halitajwi tena mezani?

Swali la saba lisijibiwe kwa sauti mbele ya wote. Kila mmoja aende nalo nyumbani. Na kama baada ya wiki mtu anakuja kwa mchungaji au kwa mama mzee wa kanisa na kusema, "Nimeandika barua, lakini sijaituma," basi kazi imeanza. Msimharakishe. Kaeni naye, mwombe pamoja, msaidiane kupima kama mlango ule una usalama, na kama uko, mmsindikize mpaka hapo.

Bwana wetu, aliyetupatanisha na Baba kwa gharama ya damu yake, aziponye nyumba zetu.

Amina.